Mate ya Mbwa Si Dawa

Siku mbwa aliporudi kutoka kupasuliwa, mtaa mzima ulipata cha kuchekea. Alishushwa kwenye mkokoteni amelegea kama tambara la kudekia, tumbo limenyolewa, mshono mrefu umelikata katikati, na shingoni amevalishwa plastiki pana iliyokizunguka kichwa kama faneli. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akauliza hilo dishi linashika stesheni za nje au za hapa hapa tu. Watu wakaangua kicheko. Msusi, mwenye mbwa, hakucheka. Alimwambia fundi viatu ashughulike na soli zake, maana nazo haziachi kubanduka.

Mbwa walimwita Karani, kwa kuwa tangu mdogo alikaa mlangoni pa saluni akimkagua kila anayeingia kama anayemwandikisha. Ugonjwa wake ulitoka humo humo saluni. Sindano ya kushonea nywele, na uzi wake, ilidondokea kwenye karatasi yenye mabaki ya nyama, Karani akameza vyote kwa pamoja. Akatapika, akasusa chakula, akawa anapinda mgongo kama kikongwe. Daktari wa mifugo alipompiga picha, sindano ilionekana waziwazi, uzi umeng'ang'ania utumbo na kuukunjakunja kama sketi ya marinda. Kwa hiyo wewe unayesoma haya na una mnyama au mtoto anayetambaa, sindano usiiache chini hata kama simu inaita.

Wengi walimwambia msusi anajisumbua, mbwa ni mbwa, wamejaa jalalani. Walijisahaulisha kwamba msusi ana binti asiyesikia. Homa ilimpitia angali mchanga, ikaondoka na masikio yake. Nyumba yao iko ukingoni mwa barabara, na pikipiki za siku hizi breki hazina, zina honi tu, na honi itamsaidia nini mtoto wa namna hiyo? Masikio ya binti yalikuwa Karani. Mtoto akienda dukani au shuleni, mbwa alitembea upande wa barabara, na chombo kikija mbio alimsukuma kwa ubavu mpaka pembeni kabisa. Hakuna aliyemfundisha. Tangu mbwa alipougua, mtoto alikuwa hatoki, na mama yake alisuka jicho moja liko kwenye kichwa cha mteja, la pili mlangoni. Karani akifa, mtoto atafungiwa ndani kama kuku anayeatamia. Hilo ndilo lililomkosesha msusi usingizi, wala si mapenzi ya mbwa kama walivyomzushia.

Daktari alimpa masharti machache. Mbwa asiruke, apewe uji mwepesi, ameze dawa kwa wakati, na ile plastiki isivuliwe mpaka yeye mwenyewe atoe nyuzi. Ulimi wa mbwa ni msasa, alisema, na kidonda cha tumbo hakitaki msasa.

Msusi akayashika maneno hayo kama sala. Akamtandikia Karani gunia na blanketi kuukuu kwenye kona ya sebule, nyuma ya pazia la saluni, akasogeza viti ili asikwame na dishi lake. Lakini msusi mikono yake si yake, ni ya wateja. Kichwa ukishakianza hukiachi njiani, huwezi kumwambia mtu akusubiri nusu kasukwa nusu kasimama nywele. Ndiyo maana alimwomba mama mkwe, aliyekuwa amekuja kukaa nao, amwangalizie mgonjwa. Mama mkwe akakubali kwa moyo mkunjufu. Alikuwa na mikono myepesi na huruma nyingi, hata nzi alimfukuza kwa kumbembeleza.

Kidonda kikaanza vizuri, kisha kikageuka. Kila msusi alipomaliza kazi na kumfunua mbwa, alikuta mshono umelowa, mwekundu, pembeni umevimba. Mama mkwe alisema labda ni joto. Siku msusi alipoona baadhi ya nyuzi zimeachia na nyama inachungulia, mori ukampanda. Alimfunga mbwa kwenye shuka, akambeba mpaka kwa daktari, na mbele ya watu waliokaa na mbuzi wao na paka wao akamwambia daktari kwamba yeye angemshonea mteja nywele namna ile, mteja angerudi kumpiga. Akamuuliza huo ni mshono au alikuwa anashikiza pindo. Daktari alimwacha amalize. Akainama, akaukagua mshono.

"Mama, nani anamvua plastiki?"

"Hakuna anayemvua."

"Nyuzi hizi hazikuachia. Zimetafunwa."

Akamweleza bila kumung'unya maneno kwamba usaha ukiingia ndani itabidi apasue tena, na mbwa mwenyewe amekwisha nguvu, akilala mara ya pili huenda asiamke. Msusi alirudi nyumbani hasira imemjaa, na hasira ikikosa pa kwenda huangukia mdogo. Alimshika binti yake, akamwonyesha plastiki, akamwonyesha kidonda, akamtikisia kidole, akamchapa mkononi. Mtoto akatikisa kichwa. Akakitikisa tena, machozi yanamtoka, kisha akanyoosha kidole kwenye kiti alichokalia bibi yake. Msusi akaona huo ni utovu wa adabu, kumsingizia mtu mzima, akamchapa tena. Bibi alikuwa pale pale anakunja nguo. Aliendelea kukunja.

Kesho yake alikuja mwalimu wa kike anayetaka kusukwa kichwa kizima. Katikati ya kazi nywele za bandia zikaisha, na nyingine zilikuwa kabatini sebuleni. Msusi akaomba dakika moja, akapita nyuma ya pazia, miguu mitupu.

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda. Lile dishi la daktari lilikuwa mapajani mwake, kalifanya ungo, anachambulia maharage. Na Karani, kichwa chote tumboni, alikuwa anajilamba na kujitafuna kwa bidii, unasikia kabisa ulimi ukipita.

"Jilambe, mwanangu," alikuwa anamwambia kwa sauti ya kubembeleza. "Jilambe upone. Wanakutesa hawa."

Msusi alipiga magoti, akaukamata mdomo wa mbwa, akaivuta plastiki kutoka mapajani mwa mama mkwe. Maharage yakatapakaa sakafuni.

"Umenimwagia maharage."

"Mama, nani alikuambia umvue?"

"Aniambie nani? Nimezaliwa nikawakuta mbwa. Mbwa akiumia hujilamba akapona, mate yake ndiyo dawa aliyopewa na Mungu. Nyinyi mnamvisha ndoo kama kichaa."

"Unamvua kila siku?"

"Namhurumia kidogo kidogo. Nikikusikia unamaliza, namrudishia. Sitaki kukuudhi."

Mke wa mtu hapazi sauti mbele ya mama wa mumewe. Msusi alilelewa hivyo, na tangu aolewe alikuwa amemeza mengi, mengine kwa maji, mengine makavu. Lakini lile neno la kutotaka kumuudhi lilimgoma kooni. Kumbe mama alijua. Mtu asiyejua kosa halifichi. Akamtolea uvivu.

"Hukumhurumia mbwa, mama. Umeyahurumia macho yako, hayataki kuona kitu kisichokupendeza. Mdomo huu ndio unaookota panya waliooza jalalani, leo umekuwa chupa ya dawa? Na jana nimempiga mtoto. Amekuonyesha kwa kidole chake, mtoto asiye na sauti ya kujitetea, na wewe umekaa hapo unakunja nguo. Ungesema neno moja tu."

"Unanipazia sauti mimi?"

"Kwa sauti nakuomba radhi. Kwa maneno, siombi."

Mwalimu alikuwa ameshachungulia kwenye pazia, upande mmoja wa kichwa mistari imenyooka, upande wa pili kichaka. Alipoona mambo yalivyo akarudi kitini taratibu, na kwa heshima yake, ambayo msusi anaikumbuka mpaka leo, alikaa akasubiri bila kulalamika mpaka mbwa aliporudishwa kutoka kwa daktari.

Daktari hakupasua. Alisafisha, akashona upya palipotafunwa, akaongeza sindano za kuua usaha, akasema sasa ni kuosha kwa maji ya chumvi na kuomba. Homa ikishuka na mbwa akila, amepona. Isiposhuka, basi.

Mume aliporudi kutoka kazini alimkuta mama yake amefunga begi na kulikalia, anangoja kubembelezwa. Akamwambia mkewe polepole kwamba yule ni mama yake. Msusi akamjibu kwamba hilo analijua, na yule aliyejifungia chumbani ni mtoto wake, achague pa kuanzia. Mume akaenda kuinama kuokota maharage chini ya kabati.

Msusi hakumbembeleza mama mkwe, na hakumfukuza. Maji yalipopata uvuguvugu, alileta beseni na kitambaa safi, akamkokota Karani kwenye mwanga wa dirisha, akaita.

"Mama, njoo ushike kichwa."

Bibi akasema macho yake hayaoni vizuri.

"Njoo hivyo hivyo."

Akaja. Akapiga magoti upande wa pili, akakishika kichwa cha mbwa kwa mikono yake miepesi. Msusi alipovua plastiki na kugusa kidonda, Karani alijipinda kwa nguvu zake zote kutafuta tumbo lake, meno nje. Nusura bibi amwachie.

"Kaza, mama. Ukiachia leo, utaachia mbele yangu."

Bibi akakaza. Alikuwa ametazama ukutani. Msusi akasimamisha kitambaa hewani, maji yanadondoka, akamwambia atazame. Hakuosha mpaka alipotazama. Nyama ilikuwa imefunguka kama mdomo, kingo zimechanikachanika pale jino lilipopita, na harufu ilikuwa ile ambayo mtu haulizi mara mbili.

"Nilidhani inafunga," mama mkwe akasema.

"Haikufunga."

Tangu hapo, kila kidonda kilipooshwa, bibi ndiye aliyeshika kichwa, na begi lilibaki limefungwa chini ya kitanda hata baada ya homa kushuka. Wawili hao walizungumza mambo ya maji na kitambaa tu. Asubuhi moja, Karani alipomaliza bakuli la uji na kusogeza kichwa chenye plastiki mlangoni kumtafuta aliyempa uji, binti alitoka chumbani kwa mara ya kwanza bila kuitwa. Alikaa chini, akamwingizia mkono ndani ya plastiki, akamkuna nyuma ya sikio. Mama yake akamgusa bega, akaweka kiganja kifuani, ndivyo wanavyoombana radhi nyumbani kwao. Mtoto alikiona kiganja. Akamgeukia mbwa, akaendelea kumkuna.