Jua Lisilozama Njia Nzima

Mzee wa mji wa Salt, jirani na Amman, akiweka nadhiri, mwache alivyo. Abu Ghassan alinuia kufunga siku ya safari, asile wala asinywe mpaka jua lizame, ili mwanawe Ghassan atoke salama kwenye upasuaji wa moyo kule Chicago. Kisukari chake mwenyewe wala hakukiwaza. Na bintiye Rawda, aliyekata tiketi, alipitiwa na jambo moja: ndege ikiondoka Amman asubuhi kuelekea magharibi, inakwenda sambamba na jua. Kilomita elfu kumi, zaidi ya saa kumi na mbili angani, na unakotua bado ni alasiri.

Aliling'amua wakiwa juu ya bahari. Kwao Salt usiku ulishaingia. Dirishani jua lilikuwa palepale, halina habari na mtu.

"Baba, kwetu magharibi imeshapita. Kunywa juisi."

"Kwani hapa ni kwetu?"

"Msafiri ana ruhusa ya kula."

"Mimi niliahidi jua, sikuahidi saa. Unataka nimpunje Mungu leo, kaka yako anakwenda kupasuliwa kifua?"

"Na ukinifia hapa, nimwambie nini Ghassan?"

"Mwambie baba yako alikuwa mbishi. Analijua hilo."

Alicheka, lakini kicheko kilikuwa kikavu, na paji la uso lilimtota jasho. Rawda akamchoma kidole, akampima sukari. Ilikuwa chini. Alipompima tena ilikuwa imeshuka zaidi, na mikono ya mzee ilikuwa ikitetemeka. Akamsogezea kikombe, mzee akakaza meno, akakisukuma, kisha akamwita Umm Ghassan. Huyo ni mama yao, na alishazikwa zamani.

Rawda akatazama skrini ya kiti cha mbele: zimebaki saa nne kufika. Kurudi haiwezekani, kushuka haiwezekani, chini ni maji matupu. Watu wengine walikuwa wamelala, taa zimezimwa. Akashusha kifuniko cha dirisha.

"Baba. Limezama."

"Apa."

Tangu azaliwe hakuwahi kuapa uongo.

"Wallahi."

Mzee akanong'ona dua yake, akala tende, akanywa juisi, akaomba nyingine. Polepole rangi ikamrudia usoni, akapitiwa na usingizi. Rawda akalia kimyakimya, kitambaa cha kichwa mdomoni, mpaka naye akasinzia.

Kilichomwamsha ni mwanga usoni. Baba yake alikuwa amenyoosha mkono, amepandisha kifuniko cha dirisha. Jua lilikuwa juu ya mawingu, zima. Mzee alilitazama muda mrefu. Rawda alingoja matusi. Hayakuja. Mzee akashusha kifuniko mwenyewe.

"Ghassan anaingizwa chumba cha upasuaji lini?"

"Yuko ndani sasa hivi, Baba."

Mzee akakisogeza mbali kikombe cha juisi.

"Tukifika hospitali, utatangulia wewe kuingia. Mimi nitabaki nje, uje uniambie."

Rawda alikuwa mtu wa kuzicheka nadhiri za wazee. Alitaka kusema kwamba hiyo ni kazi ya madaktari, na juisi ya ndegeni haihusiani na moyo wa mtu. Badala yake akatazama skrini: imebaki saa moja na nusu. Njia nzima alikuwa ameiomba ndege ikimbie. Sasa aliiomba isifike.