Ree na Hee

Wadogo wawili wameketi juu ya jina la mtu, na nyumba nzima haijui ilie au ipike. Wewe fundi wa vitendawili, kitegue hicho. Shekha binti Athmani alikwisha kushindwa tangu Jumatatu asubuhi.

Ilikuwa Malindi, mwaka wa 1911. Barua ililetwa na mchukuzi wa mahindi kutoka Ganda, akaiacha mlangoni akaenda zake. Mistari miwili ya herufi za Kiarabu, bila irabu hata moja, na juu ya jina herufi mbili tupu, ree na hee: "Habari za Badi ree hee. Mizigo yaja Ijumaa." Badi ndiye mumewe, aliyekwenda Vitengeni kuuza nguo, mwezi wa tatu sasa.

Maalim Abdulghani aliisogeza barua karibu na pua.

"Inna lillahi," akasema. "Rahimahu llah. Mungu amrehemu. Ndivyo vitabu vifupishavyo kwenye jina la maiti."

"Haiwezi kuwa raha, Maalim? Badi raha?"

"Mwanangu, vitabuni hakuna raha."

Bi Mishi, mamake Badi, alipiga ukemi mtaa mzima ukasikia. Kisha akajifuta macho akamgeukia mkaza mwanawe. "Ingia eda. Miezi minne na siku kumi, usivuke kizingiti."

"Nikiingia sitoki, mama. Nani atakwenda kuuliza?"

"Uulize nini? Maalim kasoma!"

Shekha akaivuka njia hadi dukani kwa Maryambai, Mhindi aliyesoma chuo cha Kurani utotoni. Maryambai akapiga makofi. "Alama ya baba mkwe wangu hii! Rehemtulla. Marobota yake yote yaliandikwa hivi. Huyu si Badi wako, ni Badi wa Rehemtulla."

"Yuko Badi wa Rehemtulla?"

"Hayuko. Lakini angeweza kuwako."

Kufikia Jumatano kila mtu ana yake. Huyu asema ni ruhusa, Badi karuhusiwa kurudi. Yule asema ni roho, na roho ikishaandikwa peke yake, mwili u wapi? Wanawake wakaja na sahani za wali, wakakaa ukumbini wamejiinamia. Shekha hakuweza kuwapokea wala kuwafukuza. Akila, hana huruma. Asipokula, keshamzika mume. Herufi mbili! Mwandishi angeongeza ya tatu angepungukiwa na nini?

Alhamisi alfajiri alijitanda leso akashika njia ya Ganda, laana za Bi Mishi nyuma yake. Alipofika aliuliza ni nani hapo mwenye kuandika barua. Akaambiwa yuko mmoja tu: Garama, Mgiriama aliyesilimu juzijuzi Mambrui. Akamkuta uani akimenya muhogo.

"Mkono huu ni wako?"

"Wangu, mayo," akasema Garama, akimwita mama kwa Kigiriama, meno yote nje.

"Na hizi mbili?"

"Raha! Badi raha."

"Mbona hukutia irabu?"

"Irabu sijafika. Mwalimu alihama tukiwa kwenye herufi."

Shekha akaketi mchangani. Siku nne amekuwa mjane kwa sababu mwalimu wa watu kahama. "Kwa hiyo yu hai?"

"Hai? Yuna raha, mayo! Mbuzi wanne wamechinjwa. Ngoma siku mbili. Na wakwe wenyewe wampenda..."

"Wakwe gani?"

Kisu kikasimama juu ya muhogo. "Ile mizigo ya Ijumaa. Ni ya bibi harusi. Hukuambiwa?"

Alirudi alasiri, vumbi hadi magotini. Ukumbi umejaa, Bi Mishi mlangoni. "Haya, ni ipi?"

"Ni raha, mama. Mwanao yu hai. Ana raha tele."

Vigelegele vikapasua mtaa. Mmoja akakimbilia jikoni, mwingine akamkumbatia Maalim kwa kusahau. Shekha akapita katikati yao, akaingia chumbani, akatia komeo, akalia kwa sauti kama hajapata kulia tangu barua ije.

"Furaha hiyo," wakasema. "Mwacheni."

"Kesho mizigo ikija," akapaza sauti kutoka ndani, "mtaipokea nyinyi!"

Bi Mishi akagonga mlango pole pole. "Mizigo ya nani, mwanangu?"