Mikono ya Ukuta wa Mashariki

"Shoga, hivi marehemu mumeo si alikuwa hana kidole cha shahada?"

Jirani muuza mkaa aliuliza hivyo Jumatatu asubuhi, amesimama mlangoni na debe lake. Mama mshonaji alikuwa akitia uzi kwenye sindano ya cherehani. Alimaliza kwanza kuutia.

"Hakuwa nacho. Mkono wa kulia. Kwani vipi?"

"Basi yuko ukumbini, anapiga lipu."

Mama mshonaji akajifunga kitambaa kichwani, akachukua mkoba wake, akaenda.

Ukumbi ndio uliokuwa jengo kongwe kuliko yote katika mji ule mdogo, na picha yake ilichapwa kwenye kalenda za halmashauri. Miaka arobaini na minane nyuma, mkandarasi alitaka uishe kabla mgeni rasmi hajafika. Mafundi waliamriwa wapandishe safu kumi na mbili za matofali kwa siku moja, udongo wa kujengea ukiwa bado mbichi. Ukuta wa mashariki ukawaangukia saba. Mkandarasi akatazama tarehe, akaamuru ujengwe upya palepale, juu yao. Wake zao wakaambiwa kwamba waume wamekwenda mbali kutafuta kazi. Mama mshonaji alingoja miaka kumi ndipo akaanza kumwita mumewe marehemu.

Sasa Kamati ya Kuhifadhi Majengo ya Kale ilikuwa inaukarabati ukumbi, na mikono saba ilikuwa imetoka ukutani hadi kwenye viwiko, inaziba nyufa. Ilifanya kazi safi. Kila mkono ulipomaliza sehemu yake uliandika jina lake kwa kidole kwenye lipu mbichi. Kila siku, saa sita mchana, fundi rangi alipita na brashi, akayafunika majina yote.

Mama mshonaji aliushika mkono usio na kidole. Ulikuwa wa baridi, umejaa chokaa. Ukamminya vidole mara mbili, kama zamani mumewe alipotoka kazini.

"Kumbe ulikuwa hapa hapa," alisema. "Na mimi miaka yote ile namwomba Mungu akulinde safarini."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mezani, anafuta vumbi kwenye jiwe jipya la kumbukumbu. Jina la mkandarasi lilikuwa limechongwa kwa herufi za dhahabu.

"Baba, andikeni na hao saba."

"Mama yangu, jiwe limeshachongwa."

"Chongeni jingine."

"Tunahifadhi jengo, mama, hatuhifadhi misiba. Wageni wanakuja hapa kupiga picha."

"Wenyewe wanaandika majina yao, nyinyi mnafuta."

"Hatufuti. Tunapaka rangi."

"Na Mwenyezi Mungu mtampaka rangi gani?"

Fundi rangi alicheka, kisha akainamia ndoo yake. Mwenyekiti aliendelea kusugua herufi ya kwanza.

Mama mshonaji alirudi ukutani. Hasira ilikuwa imempanda hadi masikioni, lakini sauti yake ilikuwa ileile ya kuwaita watu waje kula.

"Baba watoto, nipe huo mwiko. Hawa si watu wa kufanyiwa kazi."

Mkono ukampa. Aliufuta mwiko kwa pindo la gauni, akautia mkobani. Mkono ukabaki wazi, kiganja juu.

"Kuna mwiko mwingine stoo," mwenyekiti alisema, bila kugeuka.

Fundi rangi akauleta, akauweka kiganjani. Mkono uliupima uzito kidogo, kisha ukarudi kwenye ufa ulio kando ya dirisha. Mwanamume yule hakuwahi kuweza kuuacha ufa nusu, tangu ujana wake. Alipomaliza aliandika jina lake chini yake, kwa kidole cha kati, herufi zikiwa zimeinama kidogo.

Fundi rangi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kamili.

"Uniwie radhi, mama," akasema, akachovya brashi.

Mama mshonaji alisimama pale mpaka herufi ya mwisho ikafunikwa. Kisha akaning'iniza mkoba begani, akatoka.