Stara na Pumzi

Habari kwamba Ngowa amekufa zilimfikia mkewe kabla Ngowa mwenyewe hajapata nafasi ya kuzipinga. Soko la Kongowea ndivyo lilivyo. Bei ya nyanya hufichwa mpaka jua lipande, lakini maiti hutangazwa ingali na joto, na pengine ingali inarusha miguu.

Kafedha aliacha mafungu yake ya mchicha akakimbia. Hakulia. Mumewe alikuwa na kifafa tangu ujana, na watu walishamzika kwa mdomo si mara moja, mara mojawapo akiwa kanisani. Kilichomtisha ni maneno ya daktari: kifafa kikimkaza mtu, misuli ya kifua nayo hukaza, pumzi ikakwama na moyo ukaenda mbio, na kwa wachache ukalegea. Akishatulia ndipo mumchunge zaidi. Mlazeni ubavu, asizibwe hewa. Hilo la kuzibwa daktari alilirudia, kama mtu anayewajua watu wa soko.

Alimkuta kando ya mkokoteni wake wa viazi, kalazwa chali, kafunikwa leso gubigubi. Mutua, utingo wa lori la vitunguu kutoka bara, alikuwa amepiga magoti na kitunguu kilichokatwa, akiitafuta pua juu ya kitambaa.

"Alikuwa anatingika vibaya, mathe, lakini sai ametulia," alisema. "Naona kitunguu kimeshika."

Mwenye leso alikuwa Bi Mwanasaumu, muuza nazi, mtu mzima wa kuheshimiwa. Kafedha alipokamata pindo la leso, Bi Mwanasaumu alikamata pindo la pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usimfunue."

"Hapumui."

"Kajikojolea. Na hamali wenziwe wote hawa wanamtazama. Mwachie stara yake."

Kafedha alikuwa amelelewa vizuri, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Kumpokonya mtu mzima leso katikati ya soko ni jambo la kusimuliwa hadi kwa wajukuu. Lakini palipo mdomo leso ilikuwa imelowa povu, imegandama puani, haiinuki wala haishuki.

"Mama," alisema taratibu, "aibu yake iko chini. Pumzi yake iko juu. Leso ni moja. Tuishushe."

Bi Mwanasaumu alilipima neno hilo kama anavyopima nazi, kwa kulitikisa kwanza. Kisha akaachia. Wakaishusha leso wote wawili mpaka kiunoni, na yeye mwenyewe akainama kuichomeka vizuri.

Midomo ya Ngowa ilikuwa na rangi ya zambarau. Kafedha alimvuta bega akamlaza ubavu, akamwinua kidevu, povu likachuruzika ardhini.

"Nilete kijiko?" aliuliza Mutua.

"Cha nini?"

"Asimeze ulimi."

"Ulimi huo amezaliwa nao na hajaumeza hata siku moja. Weka kitunguu chini, unishikie mgongo wake asirudi chali."

Mutua akashika. Kafedha akaweka kiganja kifuani mwa mumewe. Moyo ulikuwa unakwenda mbio, unajikwaa, unakwenda tena, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Pumzi, hakuna.

Halafu likatoka koromo moja, nene, baya, la kufukuza panya darini. Likafuata la pili.

Kwa miaka Kafedha alikuwa amelishitaki koromo hilo, hata kwa mama mkwe. Sasa aliketi vumbini akalisikiliza lote, huku zambarau ikiondoka midomoni kidogo kidogo na moyo ukikumbuka mwendo wake. Waliokuja kutazama maiti walitawanyika na nyuso za watu waliopunjwa.

Ngowa alipofumbua macho, alijitazama kiunoni kwa muda mrefu.

"Nani kanivisha leso?"

"Mimi," alisema Bi Mwanasaumu. "Na ulipokuwa umekufa ulikuwa na adabu zaidi."

Ngowa akafungua kinywa amjibu.

"Usijibizane na mtu mzima," alisema Kafedha, kiganja kingali kifuani pake. "Wewe pumua."

Akapumua.