Mashavu ya Meneja

Dada Mapokezi alikuwa anafuta kaunta ya ofisi ya bima meneja alipopita, akasimama, akamtazama usoni kama mtu anayetazama dari iliyovuja.

"Hayo madoa hayajaondoka tu?"

"Bado, bosi. Ni ya uzazi haya, yana ukaidi."

"Mteja akiingia anataka kuona uso uliotakata. Wewe sura imechoka, dada yangu. Usinielewe vibaya."

Hakumwelewa vibaya. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshahamishiwa stoo, chumba kisicho na dirisha nyuma ya jengo, kazi yake kugawa karatasi na wino wa printa. Kwenye kiti chake akakalishwa binti mwenye ngozi laini ambaye hata kuunganisha simu hakujua. Watu waliendelea kumwita Dada Mapokezi, kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kumtafutia jina jingine.

Krimu zote alikuwa ameshazipaka, na kila moja ilimwacha pale pale. Dada yake mkubwa ndiye aliyempeleka kwa daktari wa ngozi, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi.

"Tutakutoa damu kidogo," daktari alisema. "Mashine itaizungusha, nyekundu itazama chini, juu yatabaki maji ya manjano. Hayo ndiyo plazma, na ndiyo tutakayokudunga mashavuni."

"Damu yangu mwenyewe?"

"Yako mwenyewe. Hatukuongezei kitu."

"Na madoa yatakwenda wapi?"

Daktari alikuwa anavaa glavu. "Kwa wengine yanafifia. Kwa wengine yanahama. Yakihama, mara nyingi humfuata aliyeyasema sana." Kisha, kwa sauti ile ile, akamkataza jua na kumwambia asikose kuvaa kofia.

Sindano ziliuma, machozi yakamtoka, hasa upande wa kushoto. Doa la kulia lilikuja na mimba ya mwanawe wa kwanza, wala hakuwa na kinyongo nalo. La kushoto, lililojikunja kama sikio, lilikuja na mimba ya pili, ile ambayo mtoto hakufika. Hakuna kitu kingine chochote mtoto yule alichoacha. Alitaka kumwambia daktari aliruke hilo, akaona haya.

Alirudi hapo mara kadhaa. Siku moja akanawa uso, akajitazama kwenye kioo, mashavu meupe pe, hayana historia. Mumewe alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Umependeza, mke wangu. Madoa yameishia wapi?"

"Sijui bado. Nikifika kazini nitajua."

Alijua pale mlangoni. Meneja alikuwa anashuka kwenye gari lake, kanyoa vizuri, tai imenyooka, na madoa mawili usoni: kulia la duara, kushoto lililojikunja kama sikio. Mlinzi akampigia saluti kama kawaida.

Ofisini hakuna aliyeshtuka. Mhasibu alisema bosi amekomaa. Mteja mmoja mzito, aliyekuwa anasitasita kwa muda mrefu, alimtazama yale mashavu akasema, "Huyu si mtu wa kujifungia kwenye kiyoyozi. Huyu jua linamjua," akasaini.

Dada Mapokezi akabisha mlango wa meneja.

"Bosi, uso umesafika. Naomba kiti changu."

"Hongera, kwa kweli umetakata." Meneja hakumkaribisha kukaa. "Lakini binti ameshazoeleka pale. Na wewe stoo imekukubali."

"Uliniambia ni madoa."

"Kwako yalikuwa madoa," meneja alisema, akijipapasa shavu. "Wengine wanaambiwa yanawapa heshima. Kuna jingine?"

Alisimama akiliangalia lile la kushoto. Lilikuwa limekaa vizuri, halikupungua hata ncha.

"Hilo la kushoto, bosi, huwasha kukiwa na joto. Usilikune. Lipake mafuta kidogo, taratibu."

"Asante," alisema meneja, tayari ameshika simu.

Mwisho wa mwaka makao makuu yakamchagua meneja awe sura ya kampuni. Picha ikaletwa stoo ikiwa imeviringishwa, kubwa kama shuka, na kwa kuwa vitu vya stoo ni vya mwenye stoo, Dada Mapokezi ndiye aliyeitwa kuitundika ukutani pale mapokezi. Mfagiaji akamshikia ngazi.

"Si mashavu yako hayo?" mfagiaji aliuliza, kichwa juu.

"Ni yangu."

"Yametoka vizuri."

"Yametoka vizuri," alikubali, akagongelea msumari.

Meneja akaja, akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja kupima.

"Inua kidogo huku kushoto. Hapo hapo. Haya, toa hiyo ngazi upesi, na upitie mlango wa nyuma. Wateja wanaanza kuingia."