Siku Redio Alipokosa Neno

Baba yao alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma vya madaraja, na daraja likikamilika, kazi nayo imekwisha. Ndiyo maana familia ile ilihama nchi hadi nchi, masufuria yao yakiwa hayajazoea jiko moja. Walikuwa wanne: yeye, mkewe aliyekuwa fundi cherehani, binti yao wa miaka tisa, na kitindamimba aliyeitwa Kifungo. Alipoanza kutambaa alimeza kifungo cha koti la mteja, wazazi wakawa wanakagua nepi zake kama askari wa forodha.

Binti naye walimwita Redio, kwa kuwa hakuzimika. Kila walikohamia, yeye ndiye aliyeshika lugha ya wenyeji kwanza. Baba aliambulia maneno ya kazini: vuta, achia, hatari. Mama ulimi wake ulikuwa mzito, hakuvuka salamu. Basi sokoni, shuleni, kwa mwenye nyumba, kinywa cha familia kilikuwa Redio. Siku moja mwalimu alimwita mama kumshtakia utundu wa binti yake, na mtafsiri akawa mshtakiwa mwenyewe.

"Anasema nina akili sana."

"Mbona anasema kwa hasira?"

"Ndivyo lugha yao ilivyo, Mama."

Katika mji wa daraja refu kuliko yote, Kifungo alishikwa na homa. Mama alimkanda kwa maji, akampa dawa ya duka la jirani. Kulipokucha, mtoto alikuwa amelegea, macho yamefunguka lakini hayamfuati mtu. Baba alikwisha kwenda kazini. Mama alimkumbatia mwanawe kifuani, akatoka mbio na ndara miguuni, Redio akimfuata na sare yake ya shule.

Hospitalini muuguzi aliuliza maswali, Redio akayapeleka na kuyarudisha majibu. Ameanza lini? Amekojoa leo? Kisha wakamchukua Kifungo nyuma ya pazia. Mama na binti wakakaa kwenye benchi la plastiki.

"Waulize tena."

"Wamesema tusubiri, Mama."

Alipotoka, daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alitafuta kwa macho mtu mzima wa kusema naye. Akamuuliza Redio kama hakuna mwingine anayejua lugha.

"Ni mimi tu," Redio akajibu, na hata wakati ule sauti yake ilikuwa na majivuno kidogo.

Daktari alimtuma muuguzi akatafute mtu. Muuguzi akarudi peke yake. Mama alikuwa akimvuta binti yake mkono wa sare: "Anasemaje? Anasemaje huyu?" Mwishowe daktari akachuchumaa mbele ya mama, akamtazama usoni, akasema taratibu. Redio alielewa kila neno.

"Anasema Kifungo amechoka," akatafsiri.

"Amechoka vipi?"

"Anasema wamejitahidi."

Mama akamgeuzia uso. "Mwanangu, niambie alivyosema. Usiniongezee, usinipunguzie."

Redio akatafuta neno. Lugha ya kwao aliijua ya jikoni na ya michezoni tu. Nyumbani kwao msiba haukuwahi kubisha hodi, na neno la heshima wanalotumia wakubwa hakulijua. Alilijua lile la kuku na la betri.

"Mama, Kifungo amekufa."

Kofi lilimtua shavuni kabla mama mwenyewe hajajua kwamba ameinua mkono. Kisha mama akamvutia kifuani, pale pale alipokuwa amembebea Kifungo, akapiga ukelele ambao haukuhitaji mkalimani.

Walimzika kwenye makaburi ya kando ya mji. Wafanyakazi wa daraja walikuja na ovaroli zao, wamevua kofia ngumu. Baba alichomelea uzio mdogo wa chuma kuzunguka kaburi. Katika kazi zake zote hakuwahi kuchomelea maungio manene namna ile, kwa maana machozi yalikuwa yakimziba macho ndani ya kinyago. Watu walisema pole kwa lugha yao. Mama akamtazama binti yake, na binti yake akatazama chini.

Tangu siku ile Redio alinyamaza. Dukani alionyesha kwa kidole. Shuleni alijibu kwa kichwa. Baba alijaribu utani: "Leo stesheni haishiki?" Hakuna aliyecheka, naye akaendelea kula.

Daraja likafunguliwa, magari yakaanza kupita. Baba akaitwa kazini nchi nyingine. Mama akakataa kufunga mizigo.

"Nimwache na nani? Hapa hana hata shangazi."

"Mke wangu, kibali kinakwisha. Nami nisipofanya kazi, tutakula nini?"

"Nenda wewe."

Alikaa siku kadhaa bila kugusa sanduku. Kisha asubuhi moja akamshika Redio mkono, wakaenda makaburini wawili. Mama aling'oa majani yaliyoota ndani ya uzio. Bila kuinua kichwa akasema:

"Lile kofi halikuwa lako. Sijui lilikuwa la nani. Wewe ndiye uliyekuwa karibu."

Redio akauliza, "Nilikosea neno, Mama?"

"Hukukosea. Wakubwa husema amefariki. Lakini hukukosea hata kidogo."

"Amefariki," Redio akarudia polepole, kama alivyozoea kujaribu maneno mageni.

Wakaondoka wiki ile.

Katika mji mpya mama hakumtuma tena kusema kwa niaba yake. Alikwenda sokoni mwenyewe, akarudi na chumvi alipotaka sukari, akarudi tena kubadilisha. Siku ya kumwandikisha Redio shule, karani aliuliza ana watoto wangapi. Mama alilielewa swali. Akainua vidole viwili.

"Mmoja huyu," alisema kwa lugha ile, akimgusa binti yake bega. "Mmoja..." Neno likamkataa. Redio alikuwa amekazia macho viatu vyake, na mama hakumwomba msaada. Akaelekeza mkono dirishani, upande wa barabara waliyojia.

Karani akaitikia kwa kichwa, kwa upole, akauliza swali linalofuata.