Shangingi Linalosimama Kachele

Jumanne ya tarehe kumi na mbili Machi 2024, saa mbili kamili asubuhi, Kornel alisimamisha mkokoteni wa ng'ombe kwenye mteremko wa Kachele, pale ambapo barabara ya udongo ilikuwa imekatika na kubaki mtaro wa kina cha kiuno. Juu ya mkokoteni, kwenye godoro la sponji, alilala mkewe Epifania, tumbo limekuwa gumu kama ubao. Walikuwa shambani kwao wakipalilia ulezi, maumivu yakamshika alfajiri. Rahel, muuguzi wa zahanati ya kijiji, alisema utumbo umejisokota na ni lazima apasuliwe mjini Sumbawanga kabla jua halijafika utosini. Alipiga simu mbele yao. Akawaambia gari la wagonjwa linakuja, wakalisubiri Kachele, maana kutoka Kachele kuingia kijijini gari halipiti.

Walisubiri. Saa tatu Kornel alipiga simu, akaambiwa liko njiani. Saa nne akaambiwa liko njiani. Saa tano simu ilipokelewa na mtu mwingine kabisa, sauti ya mwanamume aliyekuwa anatafuna, naye akasema liko njiani. Mvua ilinyesha, ikakatika. Kuna wakati Epifania alisikia mngurumo, akainua kichwa.

"Baba Anjela, ndilo hilo?"

Ilikuwa mashine ya kusaga, ng'ambo ya bonde. Saa sita na dakika kumi mchana Epifania akafa. Gari halikuja siku hiyo wala kesho yake, na hakuna mtu aliyekuja kusema lilikuwa wapi.

Baada ya matanga Kornel aliuza ng'ombe, akarudi Milanzi, pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma. Mkokoteni aliukatakata mwenyewe. Mbao alizichoma moto. Vyuma vya fremu, ambavyo alivichomelea kwa mkono wake miaka tisa nyuma, alivisimamisha ukutani pamoja na vingine, kwa sababu kwake chuma hakitupwi. Hakutupa hata bawaba.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, siku zile ambazo upepo wa Sumbawanga unampasua mtu midomo, liliingia karakanani shangingi jeupe. Lilikuwa jipya. Viti vya ngozi bado vilikuwa na nailoni za kiwandani. Nyuma yake ilikuja pikapu imejaa maboksi. Kutoka kwenye shangingi alishuka dereva, kijana mwembamba mwenye kofia ya sufu, jina lake Beda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. La nani hilo?"

"La bosi wangu, Bwana Flavian. Mkuu wa Mradi wa Barabara za Mavuno."

Kornel alilijua jina la mradi. Lilikuwa limeandikwa kwenye kibao pale Kachele. Kibao kilisema barabara ingekamilika kwa miezi kumi na nane, na kilisimikwa mwaka 2021. Miguu yake ilikuwa imejengewa zege. Katika kilomita ishirini na nane, zege lote la mradi lilikuwa pale, kwenye miguu ya kibao.

Siku ya pili Bwana Flavian alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Alimshika Kornel mkono kwa mikono yake miwili.

"Fundi wangu, nimesifiwa kazi yako. Nataka nikitoka Ijumaa au Jumamosi na familia nielekee ziwani, tulale porini, tupumzike. Barabara zetu unazijua. Nataka gari lisiulize."

"Lisiulize nini?"

"Lisiulize kama kuna barabara."

Kornel aliweka chini nyundo. "Si ndiyo kazi yako, bosi, kuzitengeneza?"

Bwana Flavian alicheka bila ubaya wowote. "Michakato, mzee wangu. Michakato."

Kornel aliishia darasa la nne, lakini hilo halikumhitaji msomi. Mtu ameajiriwa ainue barabara ifikie magari. Imemshinda, anainua gari lipite juu ya barabara. Wale wa shambani, ambao hawana cha kuinua, wakae hapohapo waoze. Aliyawaza hayo huku akifungua boksi la kwanza, na aliendelea kuyawaza siku kumi na sita zote za kazi ile. Kazi hakuikataa. Aliifanya vizuri, kwa hasira, kama mtu anayepiga mswaki meno ya adui.

Alibadili springi na shokapu, gari likapanda juu kwa vidole vinne. Aliweka matairi yenye meno. Alitoa bampa ya mbele akaweka ya chuma, na winchi ndani yake, ya kujivutia likikwama. Alitoboa pembeni mwa kioo akapandisha bomba la kuvutia hewa, ili gari likizama mtoni liendelee kupumua. Halafu akang'oa viti vya nyuma kabisa.

Kornel hana imani na futi za kamba. Kila kitu hukipima kwa shibiri, kwa mkono, na pakiwa pakubwa kwa mwili wake mzima. Viti vilipotoka alipanda ndani, akalala chali sakafuni akanyoosha miguu. Alitosha. Mtu mzima angelala pale na bado pangebaki nafasi ya muuguzi kuchuchumaa. Kisha akainuka akaanza kujenga.

Ilikuwa ni droo sita, friji, tangi la maji, betri ya pili na jiko la gesi la kuvuta.

"Bosi anataka hapa nyuma usibaki hata upenyo," alisema Beda, "na hataki kelele. La mwenzake wa Mbeya likipita kwenye shimo linalia kama sinia za harusi."

"Bolti ndizo zinazolia. Zinalegea."

"Sasa?"

"Sasa mimi sifungi bolti. Nachomelea." Na kweli alichomelea, miguu yote minane ya ile fremu ya droo, ikashikana na sakafu ya gari kama imezaliwa nayo.

Ikabaki keria ya juu ya paa, ya kubeba hema la kukunjua. Kwenye maboksi kulikuwa na hema na ngazi yake, ila vyuma vya keria havikuwamo.

"Bosi kasema fundi hakosi vyuma," alisema Beda.

Fundi hakukosa. Alitazama ukutani, akachukua vilivyotosha urefu, na vilivyotosha vilikuwa vya mkokoteni. Alivichomelea, akavipaka rangi nyeusi. Asubuhi vilikuwa na tope bichi jekundu, mahali palepale ambapo gurudumu la kulia lilikuwa likirusha. Alifuta, akapaka tena. Baada ya mara ya tatu aliliacha tope likae, akamwambia Beda akiulizwa aseme ndiyo rangi yenyewe.

Jumamosi ya kwanza Bwana Flavian alitoka na wageni wawili kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wanakwenda kulala ufukweni upande wa Kasanga, na walikata kwa njia ya Kachele ili wageni waone nyanda. Jumatatu Beda alifika karakanani akaketi kwenye ndoo.

"Mzee, limesimama."

"Wapi?"

"Kachele, pale kwenye kibao. Injini inanguruma, gia inaingia, tairi hazigeuki. Tumekaa masaa manne na dakika kumi. Halafu likaondoka lenyewe, nikiwa hata usukani sijaushika. Wageni wamefurahi, wamepiga picha."

Kornel alikagua breki, gia na ekseli. Vyote vilikuwa vizima. Jumamosi ya pili lilisimama tena, masaa manne na dakika kumi. Ndipo Bwana Flavian akaagiza kwamba Jumamosi ya tatu fundi aende nao.

Walifika Kachele saa tatu asubuhi, na shangingi likasimama. Kornel alishuka. Upepo ulikuwa unalaza nyasi. Chini ya kibao, kwenye kivuli chembamba, alikuwa ameketi Epifania, kitenge chake kile cha samaki, mkono mmoja tumboni.

"Huyo mama huwa yupo," alisema Beda akishusha viti vya kukunjua. "Tunamsalimia. Hana shida na mtu."

Kornel alimwendea. Akachuchumaa.

"Umechelewa, Baba Anjela."

"Nilikuwa na kazi."

"Umekonda. Unakula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

Epifania alimtazama kichwani mpaka miguuni, jinsi alivyokuwa akimtazama akirudi kilabuni, kisha akaligeukia gari. "Tumbo bado linaniuma," alisema. "Ndilo hilo?"

Kornel aliinuka, akaenda kwa Bwana Flavian, ambaye alikuwa anachagua vipande vya nyama kwenye friji.

"Bosi. Yule ni mke wangu. Anatakiwa kupasuliwa mjini. Tumlaze nyuma, tugeuze gari, kwa saa moja na nusu tumefika."

Bwana Flavian alitazama chini ya kibao, akainamisha kichwa kwa heshima. "Pole sana, fundi. Lakini nyuma si unaona mwenyewe? Pamejaa. Umejenga vizuri mno."

"Na mbele?"

"Mbele tumekaa. Na mgonjwa wa namna ile hakalishwi, wewe ni mtu mzima unajua. Mwambie aandike barua, ofisi ipo wazi Jumatatu."

"Bosi, siku ile gari la wagonjwa lilikuwa wapi?"

"Lile si la idara yangu," alisema Bwana Flavian, akatia chumvi kwenye nyama.

Kornel alifungua mlango wa nyuma. Alizitazama kazi zake, laini, zimenyooka, bila upenyo. Alishika droo akavuta kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, gari zima likayumba na fremu haikutikisika. Kama angefunga bolti, spana moja ingetosha. Wageni wa siku hiyo, mtu na mkewe, walidhani anakagua. Waliendelea kula. Yule mke alimpelekea Epifania sahani, naye akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka pembeni, maana mtu wa kupasuliwa hatakiwi kula.

Masaa manne na dakika kumi yalipotimia, shangingi liliondoka. Epifania alibaki.

Jumamosi iliyofuata Kornel alikwenda Kachele kwa bodaboda, na msumeno wa chuma kwenye mfuko wa salfeti. Shangingi lilipofika na kusimama, alipanda nyuma akaanza kukata. Bwana Flavian hakumzuia. Alimwomba tu asikwaruze ngozi za viti. Hadi muda unatimia Kornel alikuwa amekata miguu miwili kati ya minane, viganja vinavuja damu. Jumamosi ya baadaye alikuta ile miwili imechomelewa upya, kwa mshono mnene mara mbili. Alimtambua mwenye mkono ule. Alikuwa Adolfu, fundi wa mjini, ambaye Kornel mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

Alimfuata. "Adolfu, mwanangu, acha."

"Mzee, nikiacha ataitwa mwingine," alisema Adolfu kwa adabu, akimfutia kiti. "Si bora nichomelee mimi, nikijua hapo ndipo mama alipopaswa kulala?"

Wiki hiyo Bwana Flavian alimwita Kornel ofisini, akamuuliza kitaalamu tatizo ni nini. Kornel alimwambia bila kuficha: ni keria, ina vyuma vya mkokoteni uliosubiri hapo. Ikitolewa, huenda gari lisisimame tena. Huku akisema, alikuwa anaomba kimoyomoyo asikubaliwe, maana hakutaka itolewe.

Bwana Flavian alifikiri. "Na hema likae wapi?"

Keria ikabaki. Badala yake Bwana Flavian aliagiza turubai la kuning'inia ubavuni mwa gari, wageni wasipigwe jua Kachele. Baadaye alileta mchanga na simenti, lori zima, Kornel akiliona kwa macho yake likipita kando ya mtaro bila kumwaga hata koleo. Wakajenga mabenchi manne ya zege na mahali pa kuchomea nyama. Kibao cha zamani kiling'olewa, kikasimikwa kipya chenye picha ya hema: KITUO CHA MAPUMZIKO KACHELE. Kwenye taarifa ya mradi iliandikwa kwamba wananchi wa eneo hilo sasa wana mahali bora pa kusubiria. Mtaro uko vilevile. Mvua za mwaka huu zimeuongezea shibiri mbili, Kornel ameupima.

Watu wengine wenye mashangingi nao wameanza kuja. Wanamsalimia Epifania, wanampa soda. Rahel naye alipita siku moja akitoka mjini, akainamisha uso, akasema alipiga simu, Mungu anajua alipiga. Epifania akamwambia anajua.

Kila Jumamosi Kornel anakata. Ameshafikisha miguu mitatu kwa mkupuo mmoja, mara moja minne, na kila Jumatatu Adolfu anairudishia. Mkono ukimchoka anashuka, anakaa benchini kando ya mkewe, wanaangalia barabara. Hawazungumzi sana. Magari mawili au matatu yamepangana, moshi wa nyama unapepea, Beda anasimulia uongo, wageni wanacheka.

Na kila gari jipya linapotokea kule juu ya mteremko, Epifania anainua kichwa. Analitazama likija hadi lisimame. Kisha anawageukia wote waliopo pale, mmoja mmoja, mumewe, dereva, wageni na mkuu wa mradi mwenye kijiko mkononi, na anauliza kwa sauti ileile, bila hasira, maana hasira yote kamwachia Kornel:

"Ndilo hili, au letu bado liko njiani?"